Kanisa la Mbao katika Mji wa Dhahabu

Tunapotajiwa makanisa ya kale, mawazo yetu huenda mara moja kwenye majengo makubwa ya mawe kule Ulaya. Leo tutazame jengo dogo la mbao katika mji wa Barkerville, jimbo la British Columbia, nchini Kanada. Ni kanisa la Waanglikana liitwalo Saint Saviour, yaani Mwokozi Mtakatifu.

Mwaka 1862, Mwingereza Billy Barker alipata dhahabu nyingi kando ya kijito cha Williams Creek. Watu wakamiminika milimani humo, na nyumba za mbao zikaota upesi zikibanana. Mwaka 1868 alifika James Reynard, mchungaji Mwanglikana. Tarehe 16 Septemba mwaka huohuo, moto uliteketeza karibu mji mzima kwa muda usiofika saa 2. Wenyeji hawakukaa kuomboleza. Walijenga upya, na barabara kuu wakaipanua. Reynard naye akaanza ujenzi wa kanisa mwaka 1869, likafunguliwa Septemba 1870.

Mbao zake zilipasuliwa kwa msumeno mrefu wa watu 2, mmoja akiwa juu ya gogo na mwenzake chini, jinsi wapasua mbao wanavyofanya hata leo katika misitu yetu. Wa chini humwagikiwa na vumbi la mti, wa juu huongoza mstari. Wasipovuta kwa mwendo mmoja, ubao hauji. Mbao pana zilisimamishwa wima, na juu ya kila kiungo kikapigiliwa kipande chembamba ili upepo na theluji visipenye. Paa lina mwinuko mkali ili theluji iteleze, na madirisha membamba huishia kwa ncha iliyochongoka.

Umbo hilo lilitoka mbali. Katika enzi ya Malkia Victoria (1837–1901), wasanifu wa Uingereza waliurudia mtindo wa Gotiki wa Zama za Kati. Huko Amerika ya Kaskazini, waashi wa mawe walikuwa haba mashambani, lakini miti ilikuwa tele. Richard Upjohn, fundi wa samani mzaliwa wa Uingereza ambaye alisanifu Kanisa la Utatu la New York, alitoa mwaka 1852 kitabu cha ramani za majengo ya vijijini, pamoja na kanisa la mbao la gharama ndogo. Hivyo kilichochongwa kwa jiwe huko Ulaya kikakatwa kwa msumeno huku, na mtindo huo ukaitwa Gotiki ya maseremala.

Reynard aliondoka mwaka 1871, mwaka mmoja tu baada ya kulifungua kanisa. Dhahabu ikapungua, wachimbaji wakatawanyika. Je, kazi yake ilikuwa bure? Mwaka 1958 serikali ya jimbo iliuweka mji huo chini ya hifadhi ya urithi wa historia, na kanisa lingali limesimama mwishoni mwa barabara kuu, karibu bila kubadilishwa. Dhahabu iliyowaleta watu ilikwisha kuchukuliwa zamani.

Sisi nasi tunayajua machimbo. Tunawajua wanaoishi chini ya turubai miaka mingi wakisema, «Tunapita tu.» Kwa hiyo shule haijengwi, kisima hakichimbwi, mahali pa sala hapatengenezwi. Lakini mtoto aliyezaliwa machimboni hapiti. Hapo ndipo kwao. Wahenga walisema kwamba mgeni, siku ya tatu, apewe jembe. Basi vijana, mkutanapo katika vikundi vyenu, ulizaneni: mahali tunaposema tunapita tu, ni nani atakayebaki, naye atakuta tumemjengea nini?