Kauli ya Mzee na Kalamu ya Mtahini

Kila insha ya historia ifikayo mezani kwa mhadhiri huwa na watu wawili ndani yake: aliyeandika na aliyeshuhudia. Wa kwanza ndiye apewaye alama. Wa pili, aghalabu, hatajwi hata jina. Je, mizani tunayopimia insha za shahada ya kwanza humtendea haki huyo wa pili?

Mizani hiyo ina nasaba yake. Chuo kilipofunguliwa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1961, kilikuwa chini ya ulezi wa Chuo Kikuu cha London, na shahada zake zilikuwa za London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1970 kikasimama peke yake. Jina lilibadilika upesi kuliko desturi ya kutahini. Insha njema iliendelea kuwa ile yenye hoja iliyo wazi, ushahidi wa maandishi, marejeo kamili na Kiingereza safi.

Mwaka 1968 mizani yenyewe ilitiwa mtihanini. Idara ya Historia, ambayo John Iliffe alikuwa miongoni mwa walimu wake, iliwatuma wanafunzi wa shahada ya kwanza vijijini kukusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Vita hivyo vilifika hata milima ya Uvidunda na kusini mwa Usagara, katika nchi ya Kilosa, si mbali na Mikumi. Ripoti zake ziliandikwa na maofisa wa Kijerumani. Waliopigwa hawakuandika ripoti; walisimulia.

Tuchukue mfano wa leo. Wanafunzi wawili wameagizwa kuandika juu ya vita hivyo huko Uvidunda. Mmoja ameketi katika Nyaraka za Taifa, akasoma ripoti za wakoloni na kuzinukuu kwa uangalifu. Mwenziwe amepanda basi hadi Mikumi, akaingia milimani, akamsikiliza mzee aliyezipokea habari hizo kwa babu yake. Mtahini wa mazoea atampa wa kwanza alama ya juu, kwa kuwa tanbihi zake zahesabika.

Lakini huenda huyo wa kwanza hakujiuliza ofisa alimwandikia nani, wala alitaka kuficha nini. Na huenda wa pili alimwuliza mzee, "Babu, habari hii uliipata kwa nani?" Kisha akaenda kwa mzee wa ukoo mwingine, akaeleza walipohitilafiana na sababu yake. Ikiwa ndivyo, huyu ndiye aliyefanya kazi ya mwanahistoria.

Msomaji asinielewe vibaya. Sisemi alama zitolewe kwa jasho la safari, wala kwamba mvi ni ushahidi. Mzee naye hupendelea ukoo wake, husahau, hupamba. Masimulizi yaliyomezwa mazima ni kosa lilelile la ripoti iliyomezwa nzima.

Tena kuna suala la lugha. Mzee asimulia kwa Kividunda au Kiswahili. Insha yaandikwa kwa Kiingereza. Katika kuvuka huko, maneno mengine huzama. Mtahini anayekata alama kwa sarufi tu huadhibu uchovu wa mvukaji bila kuutazama mzigo aliouvusha.

Kwa hiyo vigezo viwe vichache na vijulikane kabla ya kalamu kushikwa: je, hoja yaonekana? Je, kila shahidi, wa karatasi au wa kinywa, amehojiwa? Je, kauli zinazopingana zimewekwa wazi au zimefichwa? Je, msomaji aweza kuifuata njia hadi chanzoni? Lugha ifuate baada ya hayo, si kuyatangulia.

Wengi wa vijana hao hawatakuwa wanahistoria. Watakuwa walimu, mahakimu, maofisa wa wilaya, na kila siku watapima kauli ya mwenye karatasi dhidi ya asiye nayo. Namna tunavyosahihisha insha zao ndiyo namna watakavyotuhukumu.