Bango la umeme lianze na swali: nani anazungusha, nani anapata?

Wandugu, wengi wetu tukiombwa kuchora bango la shule lenye kueleza namna dunia inatengeneza umeme, tunakimbilia vitabu vya Ulaya: makaa, atomu, moshi. Mtoto wa Butembo anaangalia, anajiambia ni mambo ya kwao. Historia inaweza kutusaidia kuchora vizuri zaidi.

Picha ya kwanza iwe ya 1831. Kule London, Michael Faraday anasogeza sumaku ndani ya waya uliozungushwa, na umeme unatembea. Mwaka 1882 Edison alifungua kituo cha Pearl Street, New York, chenye kuendeshwa na mvuke wa makaa. Mwaka uleule, kule Appleton, Wisconsin, maji ya mto yalifanya kazi ileile. Basi swali ni moja: nani anazungusha? Maji, mvuke, upepo, ao mazutu. Hata gurupe yenye inapiga kelele nyuma ya duka pale Butembo ni mjukuu wa Faraday. Paneli ya jua njo ina njia yake: yenyewe haizungushi kitu.

Picha ya pili iwe ya nchi yetu. Mwadingusha, Katanga, 1930: nguvu ya mto Lufira inaenda kwa migodi. Inga I ikakuja 1972, Inga II 1982. Laini ya Inga mpaka Kolwezi, karibu kilometa 1,700, ikapita juu ya vijiji bila kuviwashia taa. Hapo chora nguzo kubwa, na chini yake mtoto anasoma kwa koroboi. Ataelewa haraka kwamba kutengeneza umeme ni jambo moja, kuugawa ni lingine.

Picha ya tatu iwe ya nyumbani. Mutwanga, teritware ya Beni, chini ya Ruwenzori: mwaka 2013 Hifadhi ya Virunga ilianza kutoa megawati 0.4. Inga II ina megawati 1,424, ni kusema mara 3,500 na zaidi. Lakini ile kidogo ya Mutwanga ilibaki karibu na watu, na kiwanda cha sabuni kikasimama palepale.

Kwa hiyo, chini ya kila picha tuandike mambo matatu: mwaka, nani anazungusha, nani anapata. Tukiacha lile la tatu, tutafundisha watoto kushangilia waya zenye zinapita juu ya vichwa vyao. Wenye kujua kuchora, tuanze na Mutwanga.