Bunduki ya komeo: Jina la kiwanda si dhamana ya ubora

MNAMO Desemba 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameondoka katika urais wa Marekani mwaka huo, alifika Kisumu kwa reli na kuvuka Ziwa Victoria kuelekea Uganda. Miongoni mwa silaha za msafara wake wa uwindaji ilikuwamo bunduki ya Springfield, iliyotengenezwa katika kiwanda cha serikali ya nchi yake kwa kuiga muundo wa Mauser wa Ujerumani.

Hiyo ni bunduki ya komeo. Baada ya kila risasi, mpigaji huvuta komeo nyuma kwa mkono ili litoe ganda tupu, kisha hulisukuma mbele liingize risasi nyingine.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na umiliki wa bunduki huhitaji kibali chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Hata hivyo, viboko wangali wanatoka ziwani usiku na kuingia mashambani. Mnyama akihatarisha maisha ya watu, jukumu la kumkabili ni la askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kiboko huweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,500, na hukimbia kumshinda binadamu. Bunduki ikikwama mbele yake, hakuna nafasi ya pili.

Chuma na mwaka

Historia ya Springfield yenyewe ni onyo. Miaka ya mwanzo, mafundi walikadiria joto la chuma kwa kutazama rangi yake. Siku ya jua kali, chuma kilionekana kana kwamba hakijaiva, kikazidishiwa moto na kuwa chepesi kuvunjika. Bunduki kadhaa zilipasuka mwaka 1917, na mwaka 1918 utaratibu wa kuivisha chuma ukabadilishwa. Hadi leo wajuzi huepuka kufyatua zile zenye nambari iliyo chini ya 800,000, ingawa kwa macho hazina kasoro.

Winchester nayo ilianza kuuza Model 70 mwaka 1936. Mwaka 1964 kampuni ilipunguza gharama na kuondoa kucha pana iliyolishika ganda la risasi tangu lilipotoka kwenye magazini. Wawindaji walinung'unika, na zile za kabla ya mwaka huo zikapanda bei.

Mambo ya kukagua

Kwanza, bunduki ihakikishwe kuwa haina risasi. Kisha itazamwe mihuri ya majaribio, kama ile ya London au Birmingham, inayoonyesha kuwa ilihimili risasi yenye nguvu kupita kiasi.

Pili, nambari za komeo na za mwili wa bunduki zilingane, pale kiwanda kilipoziweka zote mbili. Komeo lililotolewa kwenye bunduki nyingine huenda lisibane risasi sawasawa, na ganda likapasuka. Fundi hulipima pengo hilo kwa kipimo maalumu.

Tatu, kasiba iangaliwe kutu na vishimo, hasa mdomoni, kwani dosari ndogo hapo hupotosha risasi. Unyevu wa ziwa huharakisha kutu. Aidha, huvimbisha kitako cha mbao hadi kikaisukuma kasiba, na shabaha ikahama.

Nne, magazini ijazwe risasi bandia, na komeo livutwe polepole, kisha kwa kasi. Kila risasi iingie na kutoka bila kusita. Kizuizi cha usalama kijaribiwe pia, bunduki ikiwa tupu.

Mwisho ni kulenga shabaha. Kundi la risasi tatu ndani ya sentimita 4 kwa umbali wa mita 100 ni matokeo mazuri. Lakini inayopasa kuaminika zaidi ni risasi ya kwanza, kasiba ikiwa bado baridi, kwa sababu ndiyo ambayo askari aliye mateteni atamfyatulia kiboko.