Dawa kabla ya upasuaji wa matundu madogo wa mawe ya figo

Dawa muhimu kuliko zote kabla ya upasuaji huu ni antibiotiki. Tangu Fernström na Johansson wa Sweden walipoeleza, mwaka 1976, namna ya kutoa jiwe kupitia tundu linalotobolewa kiunoni hadi ndani ya figo, kidonda kimekuwa kidogo sana, ila hatari ya vijidudu haikupungua kwa kiasi hicho. Jiwe huficha bakteria. Likivunjwa, bakteria na sumu zao hutoka, na maji yanayosukumwa ndani ya figo ili daktari apate kuona huweza kuwaingiza kwenye damu. Mgonjwa aliyekuwa mzima asubuhi anaweza kuwa mahututi kwa sepsisi kabla ya usiku. Kwa hofu hiyo, ambayo ni ya haki kabisa, wapo madaktari wanaompa kila mgonjwa vidonge vya wiki nzima.

Hofu ni moja, wagonjwa si wamoja. Jaribio lililochapishwa Amerika ya Kaskazini mwaka 2018 liliwachukua wagonjwa wasio na maambukizi kwenye mkojo wala mpira wa kutolea mkojo: waliomeza nitrofurantoini siku 7 kabla hawakupata nafuu yoyote dhidi ya sepsisi kuliko waliopata dozi ya siku ya upasuaji peke yake. Mwaka 2021 kundi hilohilo la watafiti liliwageukia wenye maambukizi au mpira. Hapo siku 2 za dawa hazikutosha; waliopewa siku 7 walipata sepsisi kidogo zaidi. Kwa hiyo wa kuamua urefu wa dozi ni mkojo uliooteshwa maabara na kuwapo kwa mpira, si mazoea ya wodi.

Wanaopinga husema mkojo wa kibofu hudanganya. Ni kweli: unaweza kuonekana safi huku jiwe lina bakteria. Lakini kidonge cha kubahatisha huenda kisimguse bakteria huyo, hasa akiwa sugu, nacho huzidi kuutia nguvu usugu wenyewe. Jibu bora ni kuchukua sampuli ya mkojo wa ndani ya figo na kipande cha jiwe wakati wa upasuaji, ili homa ikija dawa sahihi ijulikane mapema. Wengine hulalamikia siku 2 au 3 za kusubiri majibu ya mkojo kabla ya upasuaji. Mawe mengi hupangiwa tarehe, na kusubiri kunawezekana. Figo iliyoziba na kujaa usaha haisubiri, lakini hata hiyo kwanza hutolewa usaha kwa mrija, mgonjwa akipewa antibiotiki, na jiwe huachwa hadi apone.

Dawa za kuzuia damu kuganda ni suala jingine. Kutoboa figo kwa kawaida hudai zisimamishwe, ila mwenye stenti ya moyo asiziache bila daktari wake wa moyo kuridhia. Kwake, kulifuata jiwe kwa kamera kupitia njia ya mkojo mara nyingi ni salama zaidi.