Utu uzima wa Kampala

Kiluganda kina neno obuntubulamu. Ukilitafsiri kipande kwa kipande unapata "utu uzima", ambao kwetu ni umri tu. Kampala ni mwenendo: adabu, kiasi, kumtendea mwenzako kama binadamu. Likitumika kuwaonya vijana juu ya mavazi pekee, naona linapunjwa, maana utu huo ni pia kumtetea mwenzako anapoonewa. Februari 1977, baada ya askari kupekua usiku nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum, yeye na maaskofu wenzake wa Kanisa la Uganda walimwandikia Rais Idi Amin kupinga uonevu na mauaji. Wapo ambao wangeona busara ni kunyamaza (hao hawakosekani popote). Luwum aliuawa tarehe 16 mwezi huohuo. Siku hiyo sasa ni sikukuu ya kitaifa.