Mchanga Nao Una Hesabu Yake: Kutoka Kunduchi hadi Singidani

Ndugu zetu wana-Singida, mlioko nyumbani na mlioko mijini,

Tumezoea kuchangia madarasa, zahanati na visima. Mwaka huu chama chetu kinaomba mchango kwa jambo ambalo halina bati wala saruji: ufukwe wa maziwa yetu mawili ya mjini, Singidani na Kindai, pamoja na makorongo yanayomwaga maji humo. Wapo watakaouliza mchanga una historia gani. Unayo, na nchi yetu imeshailipia zaidi ya mara moja.

Tuanzie Dar es Salaam, ambako wengi wetu tunaishi. Kaskazini ya jiji, katika miaka ya 1970 na 1980, bahari ilianza kula ufukwe wa Kunduchi. Hoteli ya Africana, iliyokuwa na jina kubwa enzi zile, ilipoteza ufukwe wake, na mwishowe ikaachwa. Hoteli jirani zilijihami kwa kuta na kwa vizuizi vya mawe vilivyoingizwa baharini. Kizuizi cha namna hiyo hukamata mchanga upande mmoja na kuunyima upande wa pili, kwa hiyo aliyejiokoa alimsogezea jirani yake tatizo.

Wataalamu walipochunguza walikuta sababu kadhaa: mawimbi na mikondo, ukataji wa mikoko, uharibifu wa matumbawe. Lakini sababu moja ilikuwa mbali na maji ya chumvi. Malori yalikuwa yakichota mchanga wa ujenzi katika mito midogo kama Tegeta, Mbezi na Mlalakuwa. Mchanga huo ndio uliokuwa ukiteremka wakati wa mvua na kurudishia ufukwe kile ambacho mawimbi yameondoa. Jiji lilikuwa linajengwa kwa mchanga wa ufukwe wake, ila uliibwa njiani kabla haujafika.

Sisi tunaoshinda na vitabu vya mahesabu jambo hili halitupi shida kulielewa. Ufukwe una mapato na una matumizi. Mto huleta, wimbi huchukua. Ukikata mapato huku matumizi yanaendelea, akiba itakwisha, hata kama kwa miaka kadhaa hakuna anayeona tofauti. Akiba yenyewe ni yale matuta ya mchanga yaliyo nyuma ya ufukwe, yanayoshikwa na majani yatambaayo na miti kama mivinje. Dhoruba ikija huchota humo, na hali ikitulia upepo hurudisha kidogo kidogo. Anayesawazisha tuta ili apate mandhari ya bahari anavunja kibubu chake mwenyewe.

Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, ni ushahidi mwingine. Kilikuwa na miti, na kasa walikuja kutaga humo. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na kisiwa kimebaki fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Kasa bado wanakuja, lakini mayai yao hubidi yahamishiwe bara ili yasizame.

Sasa turudi kwetu, mamia ya kilomita kutoka baharini. Hapa hesabu ni ile ile, ila kosa liko upande wa pili. Singidani ni ziwa la magadi lisilo na mto unaotoka. Kinachoingia hakina njia ya kutoka. Miinuko inayolizunguka ikikosa nyasi na miti, kila mvua kubwa hubeba udongo na kuushusha, ziwa hupungua kina, na ufukwe wa mchanga ambako watoto hucheza na heroe hutua hugeuka tope. Kunduchi mchanga ulipungua kwa sababu ulizuiwa kufika. Kwetu udongo unazidi kwa sababu hakuna kilichouzuia kuondoka. Mchanga ukiwa mahali pake ni mali, ukitoka mahali pake ni hasara kwa ulikotoka na mzigo kwa ulikokwenda.

Majirani zetu wa pande zote mbili walilipitia hili kabla yetu. Mashariki yetu iko Kondoa, iliyokuwa maarufu kwa makorongo yanayoweza kumeza nyumba. Mwaka 1973 serikali ilianzisha Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO. Walichimba makinga maji na kupanda miti, lakini ardhi haikupata nafuu ya kutosha. Ndipo mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi na miti vilirudi, na makorongo mengi yakaanza kutulia. Lakini tusisahau bei yake: familia zilitakiwa kuondoa ng'ombe ambao ndio waliokuwa akiba, mahari na maziwa ya watoto. Dawa ilifanya kazi, ila ilikuwa chungu kwa sababu ilichelewa.

Magharibi yetu, Shinyanga walichukua njia nyingine. HASHI ilipoanza mwaka 1986 ilijengwa juu ya desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kufunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili ifunguliwe kiangazi. Hekta za ngitili zilizokuwa zikihesabika kwa mamia ziliongezeka hadi kufikia mamia ya maelfu, na wenyeji ndio waliozilinda. Sisi wa Singida tuko katikati ya masomo hayo mawili, na tunao muda wa kuchagua lile la hiari.

Lipo pia suala la mchanga wa ujenzi. Tembe la babu lilijengwa kwa miti na udongo wa pale pale kiwanjani. Halikuhitaji lori. Nyumba ya tofali za saruji inahitaji mchanga, na wateja wakubwa wa mchanga huo ni sisi tunaotuma fedha za ujenzi kwa simu kutoka mjini. Si dhambi kujenga nyumbani. Lakini mito yetu ya msimu hutunza maji ndani ya mchanga wake. Mama anayechimba kisima cha mkono mtoni mwezi wa kumi anachota maji yaliyohifadhiwa humo tangu mvua zilipokatika. Mchanga ukiondolewa hadi kwenye mwamba, maji hupita moja kwa moja, na kiangazi huanza mapema kwa wale wasio na bomba.

Sheria haijanyamaza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari, na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inauhesabu mchanga kuwa madini ya ujenzi yanayohitaji leseni. Lakini Dar es Salaam imetoa makatazo mara nyingi na malori yamerudi mara nyingi, kwa kuwa katazo peke yake halimpi kijana wa koleo chakula cha jioni.

Kwa hiyo mchango wenu tunauombea kazi nne. Kwanza, kushirikiana na halmashauri kuweka alama zinazoonekana za mita 60 kuzunguka maziwa. Pili, kujenga vizuizi vya mawe kwenye makorongo. Mawe ya itale Mungu ametujalia tele. Tatu, kupanda nyasi na miti ya asili kwenye miinuko, na kuwalipa vijana wanaochimba mchanga kwa kazi hiyo ili wawe wa kwanza kunufaika. Nne, kukubaliana na vijiji ni wapi mchanga unaweza kuchotwa, kwa kiasi gani na wakati gani, na sisi wajenzi tuahidi kununua huko tu.

Mapato na matumizi ya kila shilingi yatasomwa kwenye mkutano mkuu, kama desturi yetu. Hesabu ya mchanga itasomwa na mvua za mwaka ujao. Tunaomba kila mmoja achangie kabla hazijaanza, maana korongo la hatua tatu leo ni kazi ya siku moja, na Kondoa wanajua linakuwaje likiachwa miaka thelathini.