Orodha Katika Kioo cha Buluu

Tarehe 29 Februari 2012, siku ambayo huja mara moja katika miaka minne, ilianza kuuzwa Raspberry Pi, kompyuta ya bodi moja inayotoshana na kadi ya benki, ambayo Eben Upton na wenzake wa Cambridge, Uingereza, waliibuni kwa azma ya kuwarudishia watoto dasturi ya kuiamuru mashine kwa maandishi, kama walivyolelewa wale waliokua na BBC Micro ya mwaka 1981. Bei yake, dola 35, ilikuwa sahali. Matumizi yake hayakuwa. Mnunuzi alipewa bodi tupu, haina sanduku, haina kibodi, haina hata kadi ya kumbukumbu, na alipokwisha kuvitafuta vyote hivyo, katika miezi ile ya mwanzo alikuta kioo cheusi kikingoja amri ambazo aghalabu hakuzijua.

Taabu moja yatosha kuwa mfano. Nakala ya Raspbian, mfumo wa Linux wa bodi hiyo, iliyotolewa Julai 2012 ilikatwa kwa kipimo cha kadi ya gigabaiti 2, hata mwenye kadi ya gigabaiti 8 akaona robo tatu ya mali yake imelala bila ya faida. Kuikomboa kwa mkono kulimlazimu aiite programu ya fdisk, alifute fungu la kadi lililobeba mfumo wote, jambo la kutia hofu kwa kusikika tu, aliumbe tena lianzie nukta ile ile lilipoanzia kwanza, aizime mashine na kuiwasha, kisha aamuru resize2fs ili mafaili yapate nafasi. Na akikosea tarakimu ya mwanzo, mfumo hauwaki tena. Alex Bradbury akaitunga skripti ya raspi-config, iliyojitokeza yenyewe mashine ilipowashwa mara ya kwanza, na ndani yake mashaka yote hayo yakawa mstari mmoja wa orodha: shuka kwa kishale, bonyeza Enter, ngoja. Orodha hiyo ilikuwa na nywila, majira ya saa, na kibodi pia, ambayo ilipangwa kwa desturi ya Uingereza, hata wenye kibodi za Marekani wakabonyeza alama ya nukuu wakapata @.

Sura ya orodha hiyo, ya buluu yenye sanduku la kijivu, haikuwa uzushi wa Cambridge. Ilichorwa na whiptail, chombo kilichozaliwa katika kampuni ya Red Hat katika miaka ya 1990 pamoja na maktaba ya newt, kwa ajili ya kusakinisha Linux katika mashine ambazo hazijapata bado madirisha wala kipanya. Na kabla yake Slackware, mfumo mwingine wa Linux, ilikuwa ikiwakaribisha wageni wake kwa ndugu yake mkubwa, dialog. Kumbe urithi wa wazee ndio uliomfaa mtoto mchanga.

Mwaka ule ule wa 2012 Florian Müller alianza skripti nyingine ya orodha, RetroPie, ya kusakinisha programu za kuchezea michezo ya zamani, ikimpa mtu hiari baina ya programu zilizokwisha kuundwa na kuziunda upya katika bodi yenyewe, kazi iliyokula saa nyingi kwa kichakataji cha megahezi 700.

Wapo waliolaumu kwamba mashine iliyokusudiwa kufundisha amri imepewa bawabu wa kuzificha. Siafikiani nao. Skripti ni maandishi matupu, na anayeifungua raspi-config katika /usr/bin huzisoma humo, moja baada ya moja, amri zile zile alizoepushwa nazo. Programu iliyofungwa haimpi mtu fadhila hiyo. Lawama iliyo ya haki ni nyingine: orodha hizi huendeshwa kwa sudo, yaani kwa mamlaka yote ya mashine, na wengi huzipokea kutoka kwa watu wasiowajua bila ya kusoma hata mstari.

Mwaka 2016 Raspbian ilianza kujitanua yenyewe katika kadi mara ya kwanza inapowashwa. Walakini lile chaguo la kutanua liliachwa katika orodha ya raspi-config kwa miaka mingi baadaye.